Kunuka na Kunukia: Harufu za Utoto na Malashi Tunayopenda

Koko yangu alizaliwa Kasongo, mu Maniema, akaolewa Bukavu, na Bukavu njo alikofia, mwaka 2019. Kisha arobaini yake tulikusanyika kufungua sanduku yake ya chuma, ile aliyokuwa akiifunga na kufuli na kuficha ufunguo kiunoni, ndani ya kikwembe. Tulikuta vikwembe vya zamani vilivyokunjwa vizuri, karatasi za ubatizo za watoto wake, picha mbili, na chini kabisa kichupa kidogo cha kioo kilichozibwa na kitambaa na uzi. Ndani yake kulibaki tone moja la mafuta meusi.

Mama mdogo alikifungua, akakiweka puani, na palepale akaanza kulia, yeye ambaye siku zote za kilio alikuwa amekaza roho, akipika na kupokea wageni. "Njo yeye huyu," akasema. "Njo mama mwenyewe." Mimi nilipopokea kichupa nilisikia udi na waridi, nikajiona nina miaka mitano, nimelala juu ya mkeka pembeni ya koko. Kiisha nikampa binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 15 na anapenda malashi kuliko chakula. Alinusa, akakunja uso: "Mama, hii inanuka dawa. Inanuka sawa kanisa."

Kichupa kilikuwa kimoja, pua zilikuwa tatu, na kila pua ilitoa hukumu yake. Siku ile niliona haya kwa niaba ya binti yangu. Leo naona kwamba alisema kweli yake, sawasawa na mama mdogo alivyolia kweli yake. Katika ukurasa hizi nataka kueleza juu ya nini. Watu wengi wanafikiri kupenda malashi fulani ni jambo la pesa, la umri, ama la kufuata Wazungu. Mimi nasema kwanza ni jambo la nyumba tulimolelewa. Na kwa sababu nyumba zetu zimepitiwa na historia nzito, ya watu wa pwani, ya wamisionari, ya kampuni za mafuta na ya vita, basi historia hiyo imekaa ndani ya pua zetu hata pale tusipojua kuisoma.

Maneno yenyewe yanatufundisha

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu wa Congo tunapenda kuyachanganya: kunuka na kunukia. Kitu kibaya kinanuka, kitu kizuri kinanukia. Lakini tazameni umbo la neno. Kupika kunatoa kupikia, kuleta kunatoa kuletea, kununua kunatoa kununulia. Ile herufi inayoongezwa inamleta mtu: unapika peke yako, lakini unapikia mtu. Ukilisoma neno kunukia kwa njia hiyo, linasema jambo ambalo wataalamu wa Ulaya wamelifikia kisha kazi ya miaka mingi, kwamba harufu nzuri ni nzuri kwa mtu fulani. Kitu kinanuka tu, lakini kinanukia mtu.

Neno la pili ni marashi. Lina asili ya Kiarabu, na pwani ya bahari lina ndugu yake, mrashi, yaani chombo chenye shingo ndefu cha kunyunyizia wageni maji ya waridi wakati wa arusi, maulidi ama msiba. Kwetu ulimi umegeuza r kuwa l, tunasema malashi. Na ukishuka mto mpaka Kinshasa, Lingala inasema malasi. Kijana wa Kinshasa anayejipulizia parfe ya Paris anaitaja kwa neno ambalo pwani lilitajia maji ya waridi. Tunapofungua kinywa kuomba malashi, tayari tumetaja safari.

Pua na kumbukumbu

Kabla ya kufuata safari hiyo, tuangalie kwanza namna pua inavyofanya kazi. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walitangaza kwamba wamegundua jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu ndani ya pua. Mwaka 2004 walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mwanadamu ana aina karibu 400 za vipokezi hivyo, na kila harufu inagusa kundi lake, kama vile mpiga kinanda anavyogusa vidole vingi pamoja ili kutoa sauti moja.

Habari ya macho na ya masikio inapita kwanza kituo kimoja katikati ya ubongo kabla ya kugawanywa. Habari ya pua haipiti pale kwanza. Inaingia karibu moja kwa moja katika sehemu zinazoshika woga, furaha na kumbukumbu. Njo maana mama mdogo alilia kabla hajajua analilia nini.

Tena kumbukumbu za pua ni za zamani kuliko nyingine. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden waliwapa wazee wa miaka 65 mpaka 80 maneno, picha na harufu, wakawaomba waseme kila kimoja kinawakumbusha nini. Maneno na picha viliwarudisha zaidi kwenye ujana, kati ya miaka 11 na 20. Harufu iliwarudisha kwenye utoto, chini ya miaka 10. Na huko Alsace, Ufaransa, utafiti uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba watoto wachanga ambao mama zao walikula vitu vya anisi wakati wa mimba walivutwa na harufu ya anisi mara tu kisha kuzaliwa, wakati watoto wengine hawakuijali ama waliikataa. Wazee wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kumbe malezi ya pua yanaanza mbele ya kuzaliwa.

Na juu ya neno la binti yangu, "inanuka dawa," kuna mfano unaojulikana. Kuna mmea wa Amerika ya Kaskazini unaoitwa wintergreen. Harufu yake tunaijua katika mafuta ya kuchua viungo vyenye maumivu. Katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 1966, watu wazima waliiweka kati ya harufu wanazochukia sana. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 1978, iliwekwa kati ya zile zinazopendwa sana. Maelezo yanayotolewa ni kwamba Waingereza wa umri ule waliijua katika dawa, hasa wakati wa vita, na Wamarekani waliijua katika pipi. Kwa wa kwanza harufu ile ilikuwa ugonjwa, kwa wa pili ilikuwa utamu.

Udi wa Kasongo

Sasa turudi kwa kichupa cha koko. Katika karne ya 19 misafara ya watu wa pwani na Zanzibar ilivuka ziwa Tanganyika kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Livingstone alipofika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwaka 1871, aliwakuta wapo tayari. Kisha miaka michache, Tippu Tip aliifanya Kasongo kuwa makao yake makubwa. Vita kati ya watu wa pwani na jeshi la Leopold wa Pili ilianza mwaka 1892. Mwaka 1893 Nyangwe ilianguka mwezi wa tatu, Kasongo mwezi wa nne.

Utawala ule ulivunjika, lakini desturi za nyumba zilibaki: wali, kanzu, Kurani, Kiswahili chenyewe, na kufukiza. Mwanamke wa pwani anaweka kaa la moto mu chetezo, anatupia ubani ama kipande cha udi, kiisha anatandika nguo juu ya moshi mpaka zinywe harufu. Udi wenyewe unatoka katika miti ya Asia ambayo imeshikwa na ugonjwa. Mti wenye afya hautoi harufu ile.

Koko hakutuficha asili ya desturi hii mu jamaa letu. Koko yake yeye aliingia Kasongo akiwa mtoto, na hakuingia kwa hiari. Aliletwa na msafara. Kazi yake mu nyumba ya mwenye kumnunua ilikuwa kuangalia moto na kufukiza nguo za mke wa bwana. Kisha vita, mabwana walikimbia ama walikufa, na yeye akabaki na ufundi ule mikononi. Akafukiza nguo zake mwenyewe, kiisha za binti yake, kiisha za mjukuu wake. Siku moja, nikiwa msichana, nilimuuliza koko: "Harufu ya watu waliotutumikisha, unaipenda namna gani?" Alinijibu bila kukasirika: "Mimi siko nasikia bwana hapo. Niko nasikia koko yangu."

Jibu lile nililielewa nikiwa mtu mzima. Mtoto hachagui harufu ya nyumba yake kwa historia yake. Anaipokea kwa mkono unaomshika. Ule moshi ulianza kama kazi ya mtumwa, na kisha vizazi viwili umekuwa kumbatio.

Ubani wa misheni

Bwana ya koko alikuwa karani mkatoliki, na watoto walibatizwa. Basi nyumba ile ilikuwa na Kurani mu chumba kimoja na rozari mu chumba kingine, nao wakaishi kwa heshima. Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya Tanganyika, mwaka 1885, na tangu hapo misheni zilienea. Popote palipo misa kubwa, palikuwa na chetezo.

Jambo ambalo watu wachache wanalifikiria ni kwamba ubani wa padri na ubani wa koko ulikuwa kitu kimoja: utomvu wa mti ambao unamea Somalia, Ethiopia na kusini ya Oman. Ule unaofukizwa pwani ni ndugu ya ule uliokuja hapa kupitia Ulaya mu masanduku ya wamisionari. Lakini mtoto mmoja aliusikia akiwa mapajani mwa koko, mwingine akiwa amesimama mu kanisa na njaa, akingoja misa iishe. Binti yangu ni wa kundi la pili. Koko alikuwa mzee sana binti yangu alipokua, hakufukiza tena juu ya kifua. Mtoto huyu alikutana na moshi ule kwenye misa za maziko tu. Aliposema "inanuka sawa kanisa," alikuwa anasema msiba. Pua yake haikukosa, ila haikupata mapaja ya koko.

Sabuni na haya

Tunafika sasa kwa sehemu inayonihusu mimi mwenyewe, na ambayo inaniuma kidogo kuandika.

Mwaka 1911 Mwingereza William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji na kuanzisha kampuni ya Huileries du Congo Belge. Alipewa nafasi kubwa za michikichi, na Lusanga, kando ya mto Kwilu, ikaitwa Leverville. Kazi ya kukata ngazi za mawese ilikuwa ya nguvu, na watu wengi walipelekwa kwa kulazimishwa. Uasi wa Wapende wa mwaka 1931 ulitokea katika eneo lile, wakati bei ya mawese ilikuwa imeshuka na kodi ikiendelea kudaiwa. Mafuta yaliondoka Congo yakinuka mawese, na sabuni ikarudi ikinukia maua. Na pamoja na sabuni lilikuja fundisho, mu shule, mu kambi za wafanyakazi na mu hospitali, kwamba harufu ya maua ni usafi, na harufu ya mawese, ya moshi na ya samaki ni uchafu.

Mimi nilisoma mu shule moja ya bweni, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mama alinifungia kichupa cha mafuta ya kokwa za mawese, yale meusi yanayokaangwa polepole, ambayo wamama wanapakala watoto tangu kuzaliwa ili ngozi isipasuke. Siku ya kwanza, msimamizi alifungua mizigo yetu mbele ya wote. Alichukua kichupa changu, akakiinua na vidole viwili, akasema hapa hatutaki harufu ya kijiji. Wasichana wakacheka. Alikitupa mu choo. Nilimwandikia mama anitumie sabuni ya kunukia, na mama, ambaye hakuwa na pesa, aliituma.

Tangu siku ile mpaka leo, ukiniwekea chupa kumi za malashi, nitachagua ile inayonukia sabuni. Nilifikiri ni uzuri wa pua yangu, kwamba nina chaguo la mtu aliyesoma. Siku nilipoanza kuandika haya njo niliona kwamba malashi yangu ni jibu kwa msimamizi yule. Kila asubuhi nikijipulizia, ninamwambia: tazama, sinuki.

Siko peke yangu. Malashi mashuhuri ya Ufaransa, Chanel No 5, yaliyotengenezwa na Ernest Beaux mwaka 1921, yana kemikali zinazoitwa aldehidi. Kisha miaka, viwanda vya sabuni vilitumia kemikali za jamii ile mu sabuni za bei ndogo, na leo watu wengi wakinusa chupa ile ya bei kali wanasema inanukia sabuni. Nimeona wamama wa umri wangu wakiipokea kama zawadi na kusema, "Aaa, hii iko safi." Hawakusema nzuri, walisema safi. Neno hilo tulifundishwa.

Hata Wazungu wanatafuta kwao

Mtu asifikiri kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Wengi wetu tulimjua baba aliyejipaka Eau de Cologne kisha kunyoa ndevu siku ya Mungu. Malashi yale yalianzishwa mwaka 1709 na Johann Maria Farina, Mwitalia aliyehamia Cologne, Ujerumani. Aliyapa jina la mji uliompokea, lakini mu barua yake kwa ndugu yake alieleza kwamba harufu aliyoipata inamkumbusha asubuhi ya Italia kisha mvua, na maua ya michungwa. Malashi yaliyozunguka dunia yote kama alama ya usafi wa Ulaya yalikuwa, kwa aliyeyatengeneza, harufu ya kwao.

Wahindi wa mji wa Kannauj walifika mbali zaidi. Wanachukua udongo uliochomwa, wanauchemsha na kukusanya mvuke wake ndani ya mafuta, mpaka wapate malashi yenye harufu ya mvua ya kwanza juu ya ardhi kavu. Ni nani kati yetu hajui harufu ile, mwezi wa tisa, wakati vumbi la kiangazi la Kivu linapopigwa na matone ya kwanza? Wanawake wenye mimba wanaitafuta hata mu pemba ya soko. Sisi tunaitamani na kunyamaza. Wao wameiweka mu chupa, wanaiuza.

Na udi wa koko je? Mwaka 2002 nyumba ya Yves Saint Laurent ilitoa malashi ya wanaume yaliyoitwa M7, moja ya malashi ya kwanza ya nyumba kubwa za Ulaya kusimama juu ya udi. Tangu hapo karibu kila nyumba imetoa yake. Leo wafanyabiashara wetu wanarudi kutoka Dubai na vichupa vya udi, na vijana wananunua kama kitu kipya cha kisasa. Kilikuwa Kasongo wakati wa koko ya koko yangu.

Mipaka ya hoja hii

Nisije nikavuta kamba sana. Si kila kitu kinatoka utotoni. Mwaka 2022 ulitolewa utafiti juu ya watu 225 wa jamii tisa tofauti, wawindaji, wakulima na watu wa miji, walioombwa kupanga harufu kumi toka nzuri mpaka mbaya. Kwa jumla vanila ilipendwa zaidi, na harufu ya asidi inayofanana na miguu yenye jasho ilichukiwa zaidi. Wataalamu walikadiria kwamba umbo la kemikali yenyewe linaeleza karibu asilimia 41 ya tofauti, utamaduni wa jamii asilimia 6 tu, na chaguo la kila mtu binafsi karibu asilimia 54.

Kwa chama cha utamaduni kama chetu, hiyo asilimia 6 inaweza kuleta huzuni. Lakini mimi naisoma hivi: haiko kabila linaloamua pua. Hakuna pua ya Kishi ama ya Kilega. Kuna mtu, na mtu huyo ana nyumba yake, mama yake, mwaka wake wa kuzaliwa, na mambo yaliyomkuta. Watu wawili wa kijiji kimoja wanaweza kutofautiana kuliko watu wa nchi mbili.

Binti yangu ni mfano. Alizaliwa mwaka 2004, mwaka ule Bukavu ilitekwa mwezi wa sita, na maduka yakaporwa. Baba yake alipoteza kazi. Nilianza kukaanga mandazi kabla ya jua kutoka, na kuuza mlangoni. Nilitia sukari ya vanila, ile ya pakiti ndogo, ili wateja warudi. Mtoto alikuwa mgongoni, kiisha juu ya kiti, kiisha akinisaidia kuhesabu. Leo malashi yake yote ni ya vanila. Anasema ni mtindo wa wasichana wa siku hizi. Labda. Lakini siku moja nilimuuliza, "Na mimi, mama yako, nanukia nini?" Alijibu bila kufikiri: "Sabuni, mandazi na makala." Kiisha akanikumbatia. Nilikuwa nimejipulizia malashi ya bei, na yeye hakuyasikia hata kidogo.

Na watoto wa leo?

Hapo njo ninapopata wasiwasi. Kati ya mwezi wa nane 2018 na mwezi wa sita 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2.200 mu Kivu ya Kaskazini na Ituri. Beni na Butembo, mtoto hakuingia shule, kanisa wala duka bila kunawa na maji ya kloro. Kwa wengine harufu ile itabaki kuwa gari lililokuja kuchukua mama. Kwa wengine itakuwa mlango wa shule uliobaki wazi. Goma kuna watoto wanaojua harufu ya moto wa Nyiragongo ya mwaka 2021. Na kuna watoto wengi waliokua chini ya plastiki za kambi, penye moshi wa kuni mbichi, tangu vita iliporudi na mpaka ilipoingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025. Siku moja watakuwa watu wazima, watasimama mbele ya duka la malashi. Watanyosha mkono kuchukua nini, na kukimbia nini?

Beni na Butembo kule kule wakulima wanalima vanila. Watoto wanaona maganda ya kijani yakigeuka meusi juani, wanasikia harufu ambayo kesho itafungwa na kupelekwa ng'ambo. Ningependa kwao vanila ishinde kloro. Lakini hilo halitategemea vanila. Litategemea mkono uliowashika wakati wanainusa.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wenzangu mambo mawili. La kwanza, tuulize wazee harufu zao. Tunawauliza majina ya wafalme, vita na nyimbo. Tuwaulize pia nyumba ya mama yao ilinukia nini, nani alifundisha kufukiza, mafuta gani yalipakaliwa mtoto. Kazi hiyo haingoji, kwa sababu harufu haiandikwi, na mzee akifa anaenda nayo.

La pili, tuwe na adabu mbele ya harufu ya mtoto wa mwenzetu. Mwalimu anayekunja pua mbele ya mtoto aliyepakaliwa mawese anaweza kudhani anafundisha usafi. Mtoto akitoka uchafu, aoshwe. Lakini mafuta ya mama yake si uchafu. Anayemwambia mtoto kwamba nyumba yake inanuka, anamfunga kazi ya kujipulizia maisha yote. Mimi naijua kazi hiyo.

Kichupa cha koko kiko kwa mama mdogo. Mwaka uliopita, soko ya Kadutu, nilinunua mafuta ya kokwa za mawese kwa mama mmoja wa Mwenga, robo lita, mara ya kwanza kisha zaidi ya miaka 40. Nilijipakala mikono usiku, mlango umefungwa, kama mtu anayeiba. Asubuhi binti yangu, aliyekuja likizo, alinisogelea, akanusa mkono wangu, akauliza: "Mama, hii ni parfe gani?"

Nikamwambia: "Hii iko ya kwetu."